Sahani ya Kasonde na Kaseti ya Pili

Nchelenge, tarehe 1 Machi 1978

Kwa Mama Régine,

Mama mshauri mpendwa, naomba msaada wako, maana nikilisema jambo hili hapa watu watacheka, na pengine wewe pia utacheka, lakini wewe utachekea mbali. Mimi nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, nikaolewa huku na marehemu Zacharia, fundi wa nyavu, ambaye alikuwa anapuliza chai yake mpaka inapoa kabisa, kisha ananilalamikia kwamba imepoa, na tangu kifua kimchukue mwaka juzi sina wa kunilalamikia. Wakwe zangu ni watu wema, walinifunga shanga nyeupe mkononi kuonyesha kwamba niko huru kuolewa tena, na baada ya Noeli akaja mzee Goodson, mshenga, ametumwa na Kasonde anayekausha samaki kwa moshi, akaweka mezani kwangu sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, akasema kwa heshima ya Kibemba, "Bamayo, mama yetu, ba Kasonde wanakusalimu," akaenda zake, nami kwa heshima sikuifunua, nikaiweka kabatini karibu na sukari ili nifikiri.

Nilikuwa nafikiri vizuri, mama, mpaka Hippolyte, mchuuzi wa samaki, alipoleta kutoka Lubumbashi televisheni, mashine ya kaseti na jenereta, akapanga mabenchi kwake, akatuonyesha filamu ya mapenzi aliyoipata kwa Mwitalia mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Filamu ni Kiitalia kitupu, lakini Hippolyte anasimama kando na kutufasiria. Kuna mwanamume na mwanamke wako stesheni ya treni, mwanamume anapuliza kahawa yake, hapo nikashika benchi, kisha anamtazama mwanamke, na Hippolyte anasema, "Anasema hivi: Mupenzi, nitakungoya hata reli ziote majani, hata ziwa likauke, miye niko tu!" Akina mama wote tukalia. Nikamwomba airudishe kaseti nyuma, akairudisha, na safari hii yule mwanamume akasema maneno mengine, marefu zaidi na matamu zaidi.

Halafu picha ikakatika kabla mwanamke hajajibu. Kumbe filamu ina kaseti mbili. "Bon, ya pili iko Lubumbashi, Mama Germaine," Hippolyte akaniambia, "itakuya."

Sasa Kasonde hana maneno. Jumamosi alikuja akanikazia bawaba za mlango, nikamwuliza, "Ba Kasonde, hamna neno la kuniambia?" Akafikiri sana, akasema, "Mlango ulikuwa unagusa chini." Juzi ameleta udongo, anajenga tanuri la samaki nyuma ya nyumba yangu bila kuniuliza, na jirani yangu Eneless ananiita bibi arusi nikienda kuchota maji, naona watu wa hapa wana haraka. Mzee Goodson atarudi Jumapili ya Pasaka. Je, nimwombe Kasonde angoje kaseti ya pili ifike, nione yule mwanamke alijibu nini, ndipo nami nijibu? Katika sala zako unikumbuke, pamoja na marehemu.

Germaine, mjane wa Zacharia

JIBU

Germaine, nimecheka, tena karibu niangushe miwani. Sasa kaa chini.

Wewe ni mtoto wa Pweto na inaonekana hakuna aliyekufundisha desturi ya hapo ulipoolewa. Sahani ya mshenga ina fedha ya posa ndani, na usipoitaka unairudisha upesi. Ikilala kwako, umekubali. Yako imelala na sukari tangu Noeli! Nchelenge nzima inajua umeposwa, aliyebaki kuambiwa ni wewe. Kasonde hana haraka yoyote, mama. Anamjengea mchumba wake tanuri.

Na hiyo filamu, niliiona katika ukumbi wa sinema Lubumbashi kabla haijatiwa kwenye kaseti. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kifaransa, nikayasoma. Pale stesheni, akishapuliza kahawa, mwanamume anasema, "Treni imechelewa." Basi. Hayo majani ya kwenye reli ameyapanda Hippolyte. Kaseti imerudishwa nyuma, mdomo ni uleule, maneno ni mapya, na benchi zima la akina mama wanaojua kumnasa mtu anayeficha samaki wabovu chini ya kapu halikuuliza kitu! Hippolyte namfahamu, huniuzia samaki huku Lubumbashi, na hajui Kiitalia hata cha kuombea chumvi. Ukitaka mume wa maneno yale, mwulize kwanza mkewe Colette kama amewahi kuambiwa lolote zaidi ya "Chakula kiko wapi?"

Mwisho wa filamu nitakupa mimi, usiungoje. Mwanamke anangoja aambiwe neno zuri zaidi. Mwanamume anapanda treni. Mwanamke anarudi nyumbani, anaosha kikombe kimoja, taa zinawashwa. Ukumbi mzima ulipiga miluzi ya hasira.

Hapa nauweka mzaha pembeni. Uliposhika benchi hukumshikia Mwitalia. Ulimwona Zacharia na chai yake, na unapenda kubaki pale kaseti ilipokatika, ambapo hakuna aliyejibu na hakuna aliyeondoka. Nakuelewa, dada yangu. Lakini huku ukibaki hapo, mwanamume mzima anakanyaga udongo kwenye jua kwa ajili ya jibu ambalo hujampa.

Usingoje Pasaka. Mwite leo Kasonde mwenyewe, umwambie hukujua maana ya sahani. Utaona aibu kidogo, na yeye, kwa jinsi ulivyomwandika, hatasema kitu. Mwambie pia kwamba unampenda bado mume aliyekufa, na kwamba jina lake litatajwa ndani ya nyumba hiyo. Ikimshinda, mrudishie Goodson sahani kwa mikono miwili, umlipe Kasonde jasho lake. Akibaki ameketi, basi ujue huyo ndiye mwanamume aliyengoja kweli. Siku ya Pasaka ifunue sahani mbele ya mshenga, useme ndiyo kwa sauti, mtu asikufasirie. Na mkisimama kanisani, mnikumbuke nami.

Régine