Naomba Radhi ya Kukwea

Rongo,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Assalamu alaykum wewe na Mwanajuma anayekusomea, na asiruke mstari hata mmoja, hata pale nitakapomsema. Kwanza nauliza goti lako la kushoto, kama bado linakusumbua ukiinuka mkekani. Nauliza kifua, nauliza usingizi. Mimi ni mzima. Neno hilo nimeliandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshikilia karatasi isipeperuke, kwa hiyo mikono yote ipo. Miguu nayo ipo, chini ya meza ya Shangazi Zuhura, hapa dukani kwake katikati ya majora ya leso.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu mimi nawe hatuwezani. Juzi nilikwambia, "Mama, nilianguka kidogo, kamba ikanidaka," na mtandao ukakata baada ya "nilianguka". Nilipopiga tena ulikuwa umeshalia na umeshamwita mjomba, na mjomba ndiye aliyenisomea hukumu: nirudi Msambweni, na nikikwea mti tena nisiitafute radhi yako. Kisha akakata yeye. Barua haikatiki, Mama. Shangazi atakuletea mkononi akija Mombasa kuchukua mzigo, na itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Najua unachokiona ukifumba macho. Unamwona Baba na ule mnazi wa nyuma ya msikiti uliomwangusha. Hata mimi namwona. Lakini Baba alikwea kwa kitanzi cha miguuni na vidato alivyochonga mwenyewe kwenye shina, panga kiunoni, na kule juu hakuna kilichomshika ila mikono yake. Mikono ikichoka, au nyuki akimuuma, basi. Mimi nakwea, ndiyo, sikatai, na pengine nimerithi kwake, lakini sikwei vile. Naona unalilia kazi ya Baba, siyo yangu, kwa hiyo ngoja nikueleze yangu.

Kabla sijaondoka chini narusha kijifuko cha mchanga kilichofungwa uzi mwembamba, mpaka kipite juu ya panda nene na kushuka upande wa pili. Uzi ndio unaoivuta kamba yenyewe. Kiunoni navaa mkanda mpana unaozunguka na mapaja pia, nakaa ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko. Kamba inashikwa na mkanda kwa chuma chenye kufuli, na kwenye kamba kuna fundo ambalo nikilibana kwa mkono linateleza, nikiliachia linauma. Yaani nikizirai, nikipigwa na tawi, nikisahau hata jina langu, mkono ukiachia tu fundo linauma nami nabaki palepale. Nikifika mahali pa kukata naongeza kamba ya pili, fupi, naizungusha kwenye shina, ili msumeno ukipotoka ukagusa moja, nyingine ibaki. Kila asubuhi kabla ya chai nazipitisha zote mkononi polepole, natafuta uzi uliokatika. Nikiukuta, kamba hiyo inakuwa ya kufungia mbuzi.

Tena siko peke yangu. Chini yuko Marwa, Mkuria wa upande wa Kehancha, anayeshika kamba ya kushushia matawi. Mtu akiwa juu Marwa hasemi neno wala hataki kusemeshwa. Na yuko Odhiambo, mwenye pawa so, yaani msumeno wa mashine, na pikapu, ambaye hupiga kelele siku nzima kwa niaba yao wote wawili. Ndiye aliyeniajiri siku ile mti ulipolalia paa la Shangazi, mkwezi wake akakataa kupanda, nikapanda mimi. Hilo unalijua na ulishanigombeza.

Sasa siku yenyewe. Tuliitwa boma moja upande wa Kendu Bay, karibu na ziwa, tukaangushe mwegea. Wenyewe wanauita yago. Kwetu pia upo, lakini sijawahi kumwona mtu akiujali. Huu ulikuwa mkubwa, na tawi lake moja nene lilikuwa limelala juu ya nyumba ya mjane mwenye boma, mama mtu mzima sana ambaye kila mtu alimwita Dana, yaani bibi. Matunda yake unayajua, marefu na mazito, ukiangukiwa na tunda lake huamki. Moja lilikuwa limetoboa bati na kutua kitandani pa Dana. Yeye alikuwa nje anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Wanawe wakasema basi, mti wote ushuke. Dana hakutaka, na tulipofika tulimkuta ameweka kiti chake katikati ya mizizi, amekaa.

Odhiambo akanitambulisha kwa mbwembwe zake: "Dana, huyu ndiye daktari wa miti."

Hapo ndipo alipoharibu. Dana aliutazama mkoba wangu, akanitazama mimi na mtandio wangu, akasema, "Daktari ya miti shamba? Hapana. Maganda ya mti hii hakuna mtu atatoa. Kama ni dawa unatafuta, enda soko ya Kosele." Na jirani mmoja aliyekuja kutazama akawa ameshanivuta kando ananieleza habari za mgongo wake, unavyomuuma hasa wakati wa mvua. Mama, ilinibidi niape kwamba sitibu watu kwa miti, natibu miti yenyewe. Dana akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kumbe mti inagonjeka?" akauliza.

Nikamwambia inagonjeka, na huu nataka kuupima kabla mtu hajawasha mashine. Nikalizunguka shina nikiligonga kwa nyundo ya mbao na kutega sikio. Palipo pazima huitika kwa mlio mfupi, mgumu. Palipooza hulia kama debe tupu. Nilipokuwa nikigonga, Dana akanieleza kwa nini amekaa pale. Mumewe alikuwa mvuvi, akapotelea ziwani, wakamtafuta wasimpate. Huku kwao mtu asipopatikana hawamwachi hivihivi. Huchukua tunda la yago, wakalifunika nguo, wakalilaza kwenye jeneza, wakalililia na kulizika pale ambapo angezikwa mwenyewe. Tunda walilomzikia mumewe lilichumwa kwenye mti huu.

"Mzee yangu iko pale chini," akasema akionesha kaburi lililosakafiwa, "na iko hapa juu. Sasa hawa watoto wanataka nimzike mara ya pili."

Nililia, Mama. Nikasingizia vumbi la magome. Sisi angalau Baba tulimwosha wenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kushukuru.

Shina lilikuwa zima. Ugonjwa ulikuwa kwenye panda ya lile tawi la juu ya nyumba, ambako maji yalikuwa yametuama na kuozesha. Nikamwambia Odhiambo hakuna haja ya kuangusha, tushushe tawi hilo vipandevipande na kuupunguza mti uzito, utasimama. Akanuna, kwa sababu kuangusha ni kazi ya asubuhi na kushusha vipande ni kazi ya kutwa. Wana wa Dana wakasema kwao mradi bati liwe salama. Tukadhani tumemaliza, kumbe shemeji yake Dana, mzee mwenye kofia, alikuwa bado.

"Boma hii mwanamke hapandi mti," akasema. "Hiyo ni mambo ya kuleta shida."

Mwingine wa kupanda hakukuwapo. Odhiambo ana kitambi ambacho tawi lile lisingekibeba, na Marwa akitoka kwenye kamba hakuna wa kuishika. Dana ndiye aliyemjibu, bila kuinuka kitini. "Mwanamke ya boma hii, ndiyo. Huyu ni nyar Mombasa, mila yetu haimjui. Wacha apande." Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi si binti wa Mombasa, ni wa Kwale. Akasema ni hukohuko, akahamisha kiti.

Nilikwea bila vile vyuma vya miguuni vyenye meno, maana mti utakaoachwa hai hauchomwi. Nikaanza na matunda, nikiyashusha kwenye gunia. Kisha vitawi vidogo. Kisha tawi lenyewe, kutoka nchani nikirudi ndani. Kila kipande nilikifunga kamba kwanza, nikakata kidogo upande wa chini ili gome lisichanike, halafu nikakata juu, kikaning'inia. Marwa alikuwa ameizungusha kamba hiyo kwenye shina chini, akawa anaiachia polepole mpaka kipande kinapita pembeni ya bati bila kuligusa. Hata yule mzee mwenye kofia alianza kutoa maelekezo.

Nilikuwa karibu na panda nilipoanguka. Nilikanyaga mahali nilipopaamini, kumbe uozo ulikuwa umefika mbali kuliko nilivyousikia kwa nyundo. Mti ukamegeka chini ya mguu nami nikaenda. Nilishuka urefu wa mkono, fundo likauma, nikaning'inia. Ndiyo hivyo tu. Lakini sitakudanganya kwamba sikuogopa. Niliogopa, na nilimwona Baba wazi kabisa, na nikafikiri, kumbe ndivyo ilivyokuwa, mwanzo wake ulikuwa huu, ila wake haukusimama.

Marwa, asiyesema neno mtu akiwa juu, akasema kutoka chini, "Mwanasiti, umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi kaa kwanza."

Nikakaa. Nikaweka miguu kwenye shina, nikagusa chuma kimoja kimoja, fundo moja moja. Ningeweza kushuka na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini tawi lilikuwa limeshapasuka juu ya nyumba ya watu, na nilijua kwamba nikishuka wakati ule na woga wangu mzima, sitakwea tena. Nikahamisha kamba kwenye panda ya juu zaidi, iliyo ngumu, nikarudi kukata. Nilipofika shinani sikulisawazisha jeraha kama wengi wafanyavyo. Niliacha ile shingo ya tawi, pale linapovimba kuungana na shina, maana mti hauoti nyama mpya palipokatwa, hufunika tu, gome linakuja polepole kutoka pembeni, na linaanzia kwenye shingo.

Niliposhuka Dana aliushika mkono wangu uliojaa utomvu. Akauliza kama mama yangu anajua kazi hii. Nikamwambia anajua na hataki. Nilidhani atanitetea. Akasema, "Mama yako ako sawa. Mimi pia ningekataa." Kisha akautazama mti, umepungua lakini umesimama, akasema, "Mzee yangu nilimwona akienda ziwa. Hiyo tu ndiyo niko nayo."

Mama, neno hilo nimerudi nalo Rongo na sijaweza kuliweka chini.

Kabla sijafika kwenye ninalotaka, nisalimie mjomba, mwambie sina kinyongo ila asikate simu. Nisalimie mwalimu wa madrasa na dua zake, mke wa kaka na ujauzito wake, majirani wote wa kisimani. Mwanajuma, najua umeshajaribu kuruka kipande cha kuanguka. Rudi ukisome.

Sasa sikia, Mama. Sirudi, na kazi hii siiachi. Nimeipenda, naijua, na wiki hii nimekwea mara nyingine. Lakini bila radhi yako nakwea nikiwa mzito, na uzito huo hakuna kamba inayoubeba. Sitaki unipe kupitia mdomo wa mjomba. Panda basi na Shangazi akirudi. Nitakutandikia huku, utakula samaki wa ziwa uwakosoe. Kisha tutakwenda kazini, Marwa atakusogezea nafasi kando yake, nawe utashika kamba pamoja naye, utazame kila nitakachofanya. Ukimaliza ndipo uamue, na ukikataa utanikatalia mbele ya macho yangu.

Siku ile Baba ulimwona akikwea tu. Mimi nataka unione nikishuka.

Mwanao,
Mwanasiti