Kona ya Omena

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Kocha wa Kawangware alikuja hapa Silanga akatuchukua video tukifanya mazoezi ya basketi, akaingiza kila shuti kwenye tableti: nani anarusha akiwa wapi, nani anafunga. Leo tumeenda kwao nikiwa na wasiwasi kweli. Tukipoteza tunatoka kwa ligi, na sisi tableti hatuna.

Walitubana upande wa kulia hadi nikakosa pa kupumulia. Kona ya kushoto wakaiacha wazi. Nikamuuliza msichana aliyekuwa ananikaba, "Mbona hamkuji huku?"

"Kocha amesema huku huwa hamrushangi."

Ni ukweli. Uwanja wetu una ringi moja, na hiyo kona ya kushoto ndiko Mama Auma huanika omena zake, vile visamaki vidogo vya kuuza. Ukikanyaga hata moja utatukanwa mpaka jioni. Vile nimezichukia hizo omena...

Lakini kwao sakafu ni tupu. Nikasimama kushoto, nikarusha, ikaingia. Nikarusha tena. Kocha wao akaangalia tableti, akaniangalia, akairudia tableti. Tumewashinda kwa pointi mbili.

Kurudi, nikampata Mama Auma akikusanya omena. Akasema amechoka na mpira wetu, kesho anatafuta pengine pa kuanika.

Nikamshika mkono. "Mama, tafadhali usihame. Jumanne kuna kocha mwingine anakuja kutuchukua video."