Aliyekosa Karatasi Aniangalie Mimi

Dada Yusta, kamwene.

Huko uliko nadhani hakuna kompyuta, na hata zingekuwepo ungesema ni mashine za kuwatia watu uvivu. Lakini leo nimekucheka peke yangu hapa Mlandege mpaka machozi, na sina mwingine wa kumwambia.

Kazi yangu unaijua nusunusu, kwa hiyo nianze polepole. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa kurasa. Programu ikigusa ukurasa ambao haumo, inasimamishwa palepale. Kwa kawaida bwana mkubwa wa mashine, tunayemwita mfumo endeshi, huenda kuuleta yeye mwenyewe. Ila unaweza kumwomba asihangaike: aisimamishe ile sehemu ya programu iliyokwama tu, kisha aiachie programu yenyewe iutafute ukurasa wake mahali inapopajua. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza, niliiona kwaya yetu ya miaka ya sabini.

Unazikumbuka karatasi? Mwalimu wa kwaya alikuwa na kitabu kimoja cha noti, akatunakilia nyimbo kwa mkono kwenye karatasi za daftari, kila sauti na zake. Mbele ya kila sauti kulikuwa na kibao kinachoshika karatasi mbili tu. Nyingine zilikaa kwenye mkoba wake. Sauti ya tatu wakikosa karatasi katikati ya wimbo, mwalimu anashusha mikono, kwaya nzima inanyamaza, naye anapekua mkoba huku akinung'unika.

Wewe ulitutazama kutoka benchi la nyuma. Ulikatazwa kuimba, na kwa haki, maana sauti yako, dada, ilikuwa na njia zake. Lakini ulitamani kuwa mwanakwaya kuliko sisi tuliokuwa wanakwaya. Siku moja ukamfuata mwalimu ukamwambia, "Wewe endelea kuongoza. Aliyekosa karatasi aniangalie mimi."

Ikawa hivyo, mkoba ukahamia kwako. Waliokwama walinyamaza peke yao na wengine wakaendelea. Ulipita nyuma yao miguu mitupu, ukatoa karatasi iliyokwisha kuimbwa, ukaweka inayotakiwa, ukamgusa mtu bega. Bila kuguswa hakuna aliyethubutu kuangalia kibao, maana mwalimu alitaka macho yote kwake. Karatasi ikiwa imepotea kabisa, uliweka tupu, na wahusika wakavumisha midomo imefungwa mpaka ubeti uishe. Hata hilo kompyuta zinalifanya, kuweka ukurasa mtupu ili kazi isisimame.

Tulipoalikwa Mbeya, mwalimu alikukubalia kupanda lori kwa shingo upande. Alisema ukiharibu huko, utarudi kwenye benchi lako. Uliukumbatia mkoba ule njia nzima, hata tuliposhuka kula Makambako hukuuweka chini.

Na ukaharibu. Mama Skola alitakiwa kuanzisha ubeti wa tatu peke yake. Ulimwekea karatasi vizuri kabisa, kisha ule umati wa watu kanisani ukakuteka macho, ukasahau kumgusa. Yeye anasubiri bega, wewe unadhani anavuta pumzi, mikono ya mwalimu iko juu. Kanisa zima kimya.

Leo programu yangu imenifanyia vilevile. Ilikuwa inahama kutoka mashine moja kwenda nyingine huku ikiendelea na kazi, na kurasa zake nazileta kadiri zinavyoguswa. Ikaganda. Nimetafuta kosa tangu asubuhi, kumbe ukurasa ulikwisha fika, umejaa, uko mahali pake. Anayeusubiri ndiye hajaamshwa. Hapo ndipo nilipocheka. Nikaongeza mstari mmoja wa kumwamsha na kazi ikaendelea.

Wewe kule Mbeya hukuwa na mstari wa kuongeza, na Mama Skola ulikwisha kumwacha mbali. Ulichofanya ni kuimba. Ulilitoa neno la kwanza la ubeti kwa sauti yako ileile, watu wakageuza shingo. Mama Skola akashtuka, akatazama kibao, akalipokea lile neno, na wimbo ukaenda mpaka mwisho. Nilitaka kuzama ardhini kwa aibu, na wakati huohuo nilikupenda mno.

Njia ya kurudi ulijua yamekwisha. Tuliposhuka Iringa ukamnyooshea mwalimu mkoba wake. Hakuupokea.

"Jumamosi uje mapema," alisema. "Wanakwaya wangu hawachelewi mazoezi."

Ulilia mpaka nyumbani.

Jioni za baridi kama hii nakukosa, dada, lakini moyo wangu umetulia. Mkoba ule uliushika miaka yote, walimu wakabadilika, wanakwaya wakazeeka, wewe uko nyuma yao unagusa mabega. Tulikuzika na sare ya kwaya, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ulikuwa unaimba sauti gani.

Lala salama.

Mdogo wako wa sauti ya pili