Leo Rulenge Waliniomba Damu

Jumanne. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Mabawe, na mikono yangu ina baridi ambayo si ya mvua.

Naogopa. Acha niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kujifanya jasiri.

Leo nilikwenda hospitali ya Rulenge na mama kwa ajili ya sindano yangu ya kila mwezi. Wanaosoma blogu hii wanajua nina skizofrenia. Wanajua mimi ni fundi cherehani, na kwamba binti yangu Neema anaishi Biharamulo kwa bibi yake mzaa baba tangu nilipougua. Ambacho sijawahi kuandika ni kile nilichokiamini wakati ule. Niliamini watu wananinyonya damu kupitia sindano ya cherehani. Sauti zilinitajia majina ya wateja waliokuwa wakiinunua. Nilikimbia bila viatu, Neema mgongoni.

Shule zikifunga, alikuwa arudi kwangu. Bibi yake alikubali kwa sharti moja tu: sauti ziwe zimekwisha.

Daktari, dada mmoja mpole, alituita wagonjwa wawili pamoja na ndugu zetu. Mwenzangu alikuwa mfugaji kutoka Nyantakara, ameletwa na mkewe. Hasemi, hacheki, hata nzi akitua mdomoni hamfukuzi. Daktari alieleza kwamba ugonjwa wetu ni mmoja lakini dalili zake hazifanani. Kuna zinazomwongezea mtu visivyokuwepo, kama sauti zangu na ile imani ya kunyonywa damu. Na kuna zinazompunguzia alivyokuwa navyo: maneno, hamu, furaha, hata nguvu ya kuoga. Sasa kuna utafiti. Wanataka kuona kama damu ya watu kama mimi ina viashiria tofauti na damu ya watu kama yule bwana.

"Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukwambia una ugonjwa huu," alisema. "Ndiyo maana tunatafuta. Na ukikataa, dawa zako unapata vilevile."

Mke wa yule bwana alinigeukia. "Bora wewe ulipiga kelele, dada. Watu wakajua unaumwa. Wangu walimwita mvivu mpaka ng'ombe wakaisha."

Nilikuwa nazitazama chupa ndogo tupu za kuwekea damu, zimepangwa mezani.

Hapo nikasikia jina langu kutoka dirishani. Halafu: "Wameanza."

Dirishani hapakuwa na mtu.

Mama aliniona nikigeuka. Ananijua. Akaniinamia sikioni. "Nyamaza, mwanangu. Mfikirie Neema."

Nilimfikiria. Nikinyamaza, ninatoa damu, ninarudi nyumbani, mtoto anakuja. Lakini nikajiona niko peke yangu naye, kazi iko kwenye cherehani, na sauti ile inaanza kutaja majina. Safari hii ningemkimbizia wapi? Bondeni kwetu kuna mto.

"Daktari," nikasema, "nimeisikia. Imerudi."

Mama akashika kichwa. Daktari hakushtuka. Aliwaomba wengine watoke, akaniuliza imesema nini, imeanza lini, usingizi naupata vipi. Nikamwambia kwamba hata wiki iliyopita niliisikia kwa mbali, nikasingizia redio ya jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaziondoa zile chupa mezani.

"Leo sichukui damu yako. Siwezi kukuomba ukubali jambo huku kuna sauti inakutisha. Kwanza tukutibu."

Ameniongezea vidonge, na anataka kuniona tena wiki ijayo.

Ajabu ni kwamba niliumia. Nilikuwa nimeiogopa sindano ile ya kunitoa damu kuliko kifo, na iliposogezwa mbali nikajikuta ninatamani sana damu yangu iseme kitu. Chochote. Ili watu waache kuniuliza ni nani aliyeniroga.

Tuliporudi nilimpigia mama mkwe kabla sijabadili mawazo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza yote.

"Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Ila mtoto simleti mpaka utulie."

Nilijua atasema hivyo. Kujua hakukusaidia.

Kisha Neema akachukua simu. "Mama, unaumwa wapi?"

Nikatafuta mahali pa kumtajia. Kichwa hakiniumi. Sina kidonda. Tumbo liko salama. Mtoto anasubiri upande wa pili, nasikia anavyopumua, na mimi mtu mzima sina jibu la swali ambalo hata mwenye malaria analijibu.

"Sipajui, mwanangu. Daktari bado anapatafuta."

"Akipaona atapafunga bandeji?"

Nikasema ndiyo, nikakata simu upesi asinisikie nikilia.

Mama yuko jikoni. Amenuna tangu tuliposhuka kwenye gari, ila amenipakulia ndizi na maharage, akaniwekea na maji ya kumezea dawa. Nimekimeza kidonge cha kwanza sasa hivi. Wiki ijayo, daktari akiniuliza tena nami nikiwa nimetulia, nitaunyosha mkono wangu mwenyewe.

Nitaogopa. Nitaunyosha hivyo hivyo.