Ua la Pili

Syunri, 30 Agosti 1996

Dada Hema,

Nakusalimu wewe, shemeji Navin na mtoto. Meno yake yameota? Sisi wazima, ila mvua imetuchosha na goti la Baba limevimba tena.

Mwaka huu mimi ndiye nitakayepanda naye mlimani kuchuma ua la mungu wetu, Mama Nanda. Masharti unayajua: miguu mitupu, chakula bila chumvi, na ukishaupita mti wa mwisho huongei mpaka urudi hapo. Baba kasema, "Kwa kutoongea, Kundan kafuzu tangu azaliwe." Wote wakacheka, nami nikacheka.

Siku ya sikukuu mabinti wote walioolewa wataitwa nyumbani, kila mmoja apewe ua alilochumiwa na watu wa kwao. Wewe mwaka wa nne huu huitwi. Nataka kumwomba Baba. Shuleni nafundishwa Kihindi na Kiingereza, na kwa lugha zote mbili nakosa pa kuanzia.

Mdogo wako,
Kundan

Ludhiana, 9 Septemba

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mtoto ana meno mawili na ananing'ata nayo. Mimi mzima isipokuwa vidole. Msimu wa sweta umeanza, kiwandani tunafuma tangu alfajiri hadi giza.

Usimwombe. Wewe uliyekuwa ukijificha nyuma ya nyati wetu wa maziwa wageni wakija, leo utasimama mbele ya Baba? Nilimwandikia mara tatu, hakujibu. Nimechoka kungoja, Kundan. Nataka kujua jambo moja tu: nani alimwambia habari za Navin kabla sijamwambia mwenyewe?

Dada yako

Syunri, 22 Septemba

Dada,

Natumaini vidole vimepata nafuu. Nyayo zangu zimepasuka, naandika huku nimeziloweka kwenye beseni.

Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuona na Navin pale kwenye kinu cha kusagia unga, Baba akaniuliza kwa nini umechelewa, na mimi nisiyesemaga nikasema.

Tulipanda siku mbili. Juu ya mti wa mwisho goti likamshinda. Akaketi kwenye jiwe, akanionyesha mteremko, kisha akainua kidole kimoja: ua moja tu, la hekaluni. Nikaenda. Maua ya njano na ya buluu yalinifika magotini, mengi yameshababuka kwa baridi. Sikuuona uzuri wake, nilikuwa natafuta pumzi. Ua lenyewe, brahmakamal, liko juu zaidi katikati ya mawe, jeupe, kubwa kama bakuli. Nikachuma moja. Nikachuma la pili.

Baba alichungulia kapuni, akanitazama. Pale asingeweza kunigombeza. Nikatembea polepole makusudi, ili ule mti usifike.

Ukafika. Nikamuwahi: "La pili ni la Dada. Na mimi ndiye niliyekuambia siku ile."

Akaegemea ule mti, akasugua goti.

"Aliyeniambia alikuwa mtoto," akasema. "Aliyefunga mlango ni mtu mzima. Shika kapu vizuri, unalivunja."

Siku ya sikukuu Shangazi Saruli akaropoka mbele za watu, "Hilo jingine la nani, na binti yenu hayupo?"

"La Hema. Yuko njiani," Baba akamjibu.

Sijui kwa nini alisema hivyo. Ua limetundikwa juu ya mlango, limeanza kukauka. Kila asubuhi anatazama barabara akijifanya anatazama mawingu.

Nisamehe au usinisamehe, ila ujibu.

Mdogo wako,
Kundan

Ludhiana, 14 Oktoba

Baba,

Nagusa miguu yako kwa mbali. Goti linaendeleaje? Sisi wazima.

Nimepewa siku nne za sikukuu ya Diwali. Basi litatushusha barabarani tarehe tisa Novemba, mchana. Mwambie Kundan sina hasira naye. Nimechoka kuwa nayo.

Usishuke kutupokea, utajiumiza. Tutapanda wenyewe. Mtoto si mzito.

Binti yako,
Hema