Uzio Uliofungia Wageni Ndani

Shamba la Behrends,
Harper, Texas,
14 Septemba 2019

Mpendwa mwanangu Leona,

Hujambo huko Alaska? Meno yameizoea baridi au bado yanagongana? Sisi wazima, isipokuwa goti langu na huu ukame. Mama yako mdogo Dorthea yu salama, na ulimi wake pia.

Nilikuahidi kuwatunza kulungu wa mkia mweupe aliowapenda marehemu kaka yangu, baba yako. Basi kaa kitako kwanza.

Unawajua wale kulungu wa madoa, asili yao India, waliomtoroka jirani Buster Kott. Wanamaliza majani ya miti. Yakiisha wanahamia nyasi na kunenepa. Wetu nyasi haziwajengi, wanakonda tu. Ndiyo maana Juni nikajenga uzio wa futi nane kuwazuia wageni. Nguzo mia nne, siku tisa, peke yangu! Nyundo ilikuwa inatoa moshi. Mafundi wa Fredericksburg walikuja kunitazama wakavua kofia.

Jumamosi nikafunga lango, nikaalika watu nyama choma. Jumapili alfajiri nikasikia mngurumo bondeni kama treni. Madume ya wale kulungu wa madoa! Nikawahesabu: arobaini na moja, wote ndani.

Dorthea hata kahawa hakunipa. "Mzee, hata banda la kuku mtu huangalia kwanza nani yumo!"

Tukafungua lango tuwaswage kwa gari. Wa madoa wakazunguka, wakarudi nyuma yetu. Waliotoka ni watatu, na wote wetu! Buster alicheka mpaka akashikilia bampa. "Hongera, Elroy! Wenyeji umewafukuza, wageni umewapa nyumba." Nilimpa jibu ambalo heri mchungaji asilisikie.

Mwaka jana wetu walikuwa ishirini na wawili. Wamebaki tisa, mbavu unazihesabu ukiwa barabarani. Nikiwamwagia mahindi, wa madoa wamefika kabla sijakunja gunia.

Na kichwa changu kigumu! Kanisani nilijigamba kwamba niliwafungia makusudi. Sasa wawindaji wa San Antonio wananisihi nisiwapunguze, maana pembe za dume mmoja zinabeba kofia saba na tandiko la farasi. Sifa hizo zilinilevya.

Jana nikamwona yule jike wa sikio lililochanika, aliyekuwa akinywa chemchemini baba yako akimtazama. Alisimama kwa miguu ya nyuma kuufikia mwaloni. Hakufika, majani ya chini yameliwa yote. Nikaleta msumeno, nikamshushia tawi. Alikula hatua tatu kutoka kwangu, mwanangu, wala sikuwa na la kujigamba.

Nusu ya ardhi hii ni yako. Njoo na bunduki ya baba yako kabla ya Novemba, msimu wa kuwinda wetu haujaanza; wa madoa hawana msimu, huwindwa wakati wowote. Jumapili nitasimama kanisani niseme kweli.

Msalimie mumeo Anders, na shangazi Hulda ukimpigia simu. Mungu akufunike huko kwenye theluji, nasi atukumbuke kwa mvua.

Mpaka ufike, kila asubuhi nakata tawi moja.

Baba yako mdogo akupendaye,
Elroy Behrends