Mchanga wa Kaburi Lako Uko Chini ya Mashine

Maduhu, mtoto wa shangazi,

Mwangaluka. Huitikii? Basi nyamaza hivyo hivyo, leo zamu yangu kusema. Ni mimi mtani wako Masalu, niliyeishia darasa la nne kwa kumzomea mwalimu. Nakuandikia kwa mkono huu huu uliosema haufai kushika patasi. Herufi zikipinda, soma kwa kupinda. Muda unao.

Habari za hapa Nkololo ni njema kuliko ulivyoziacha. Pamba shambani kwako imetoka vizuri, tangu uache kuilima wewe. Mkeo Mama Shija amenenepa. Mbwa wako alikulilia kidogo, kisha akahamia kwangu kwenye mifupa.

Na ile mashine yako ya kukereza, uliyoinunua misheni ukatukataza hata kuiegemea, ninayo mimi. Watoto wako walikuwa wanampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikawaambia baba yenu mmeshamzika mara moja, inatosha.

Kuku walikuwa wanalala juu yake. Nimeisugua kutu kwa msasa na mafuta ya taa mpaka chuma kikaonekana. Nimenunua beringi mpya Bariadi mjini, nikafunga mkanda wa mashine ya kusaga. Nikaweka mti wa mguu wa kitanda, nikawasha. Ikatetemeka vile vile kama enzi zako. Patasi ikaruka, ikanyofoa kipande cha mti. Nikakutukana hapo hapo, tusi la mama yako, ambaye ni shangazi yangu, Mungu anisamehe.

Nikaachana nayo, nikatengeneza kabati chini yake, pale ulipokataza mtu asiweke kitu. Ulisema mashine lazima ipumue. Mashine, Maduhu. Ipumue. Nikaweka droo ya patasi, droo ya misumari na bawaba, na chini kabisa rafu pana. Kwenye rafu nikasukuma viroba vya mchanga, ule watoto wako waliomwaga uani wakujengee kaburi, maana kuku walikuwa wanauchakura na mvua inaubeba. Sikuwa na akili nyingine yoyote. Nikawasha kujaribu swichi tu.

Ikatulia. Ikaimba sauti moja. Mguu wa kitanda ukatoka laini, nikaupitishia kidole chenye mate kama ulivyokuwa unafanya wewe, na kidole hakikukwama popote.

Nikakaa chini. Sikucheka, na mimi nacheka hata msibani. Kwako nilicheka sana.

Nilikuwa nimemkumbuka dada yako Kabula. Wewe ulisema mbele ya watu kwamba mashine inatetemeka kwa sababu yeye anapita mlangoni asubuhi akienda kisimani. Ukaenda kwa mganga, akakwambia mtafute mwenye macho mekundu. Bibi gani hapa hana macho mekundu, kwa kupikia mavi ya ng'ombe? Moshi uliomharibu macho ulikuwa wa ugali wako wewe. Mzee mzima, umemwita mchawi dada aliyekubeba mgongoni. Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaenda Mwandoya kwa binti yake. Jina likamfuata. Huko nako akipita, wanawake wanawaita watoto wao ndani.

Kumbe mashine ilikuwa nyepesi. Miguu yake ilikuwa inacheza kwa kukosa mzigo. Ungeilazia hata tumbo lako ingetulia.

Nikampigia simu dada, nikamweleza, nikamwomba aje. Akakataa, akakataa tena, halafu akaja na pikipiki. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Nipite?"

"Pita, dada."

Nikawasha. Akapita. Akarudi. Akapita tena karibu kabisa, kitenge kinagusa kabati, macho yake yako kwenye ule mti unaozunguka. Mashine inaimba tu. Alipita mpaka nikaona aibu mimi, ambaye aibu sina.

"Kwa hiyo ni mchanga?"

"Ni mchanga, dada."

"Angeniambia, ningemchotea mtoni."

Basi. Hakulia. Soda niliyomnunulia hakuimaliza. Akapanda pikipiki, akapita kwenye kaburi lako pale njiani, na shingo hakugeuza. Nilimwangalia mpaka vumbi likaisha. Kama ulikuwa unamngoja, pole.

Mama Shija alikuwa ameona yote, ameshika mwiko. Akaniambia labda wifi siku hizi ameokoka, uchawi ameuacha. Unasikia mkeo? Nikamwambia simama hapo hapo. Nikatoa viroba vyote, dada wa watu ameshafika mbali, nikawasha. Mashine ikatetemeka kama mbuzi mwenye homa. Nikavirudisha, ikatulia. Mama Shija akasema ugali unaungua, akaondoka.

Sasa nikwambie, huo mchanga hautoki chini ya mashine. Wewe utalala kwenye udongo mtupu, uote majani, mbuzi wakule kichwani, mpaka watoto wauze pamba wanunue mwingine. Usininunie. Kuna jioni nazima mashine nageuka nikuonyeshe kazi, naona ukuta. Mjinga wewe, ungeugua polepole kidogo, ningekuonyesha ukiwa hai ukamwite dada yako mwenyewe. Umeniachia mimi kazi ya mdomo wako.

Siku ya kukujengea, ukoo wote utakuja. Watangoja mtani asimame aseme upuuzi wake, na kila nitakachosema watacheka, ndivyo walivyonizoea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si wewe. Kwa hiyo nakuahidi, Maduhu: siku hiyo sitakutania. Nitavua kofia. Nitasema Kabula si mchawi na hajawahi kuwa, kaka yake hakujua mashine. Wakicheka nitanyamaza, halafu nitasema tena, polepole, hivyo hivyo, mpaka wa mwisho afunge mdomo.

Lala basi, mtoto wa shangazi. Na usiniharakishe, bado nina kazi hapa.

Masalu